Ulimi wa Kijiko

2 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Kaa kitako kwanza, maana habari hii ukiisoma umesimama utaanguka na shemeji atasema nimekuua. Siku Mungu alipogawa bahati, wenzangu walikwenda na vikombe, mimi nilikwenda na pipa. Nimepata jiko! Usianze vigelegele, sijaoa. Jiko lenyewe, la gesi, pana kama kitanda cha wageni. Hoteli nzima hii, ghorofa nne na lifti inayofanya kazi siku ikijisikia, sasa inakula kwa mkono wangu. Mpishi mkuu! Yule aliyekimbia shule kwa sababu ya hesabu za sehemu leo anakata keki ya harusi na hakuna shangazi anayenung'unika.

Unajua wamenipa kwa sababu gani? Ulimi. Mwenye hoteli ni mama mmoja anayevaa miwani kifuani badala ya machoni, na alisema mbele ya watu: "Ulimi wa huyu tungeuwekea bima." Nimepika melini, nimepika kambi ya wachimba madini, nimepikia mabalozi na madereva wao, na kote huko ni ulimi huu huu. Ule ule ulionipa jina la Kijiko pale nyumbani.

Kilichobaki ni kidogo tu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi mwenye hoteli atakaa mezani na wageni wake, nimpikie tambi za kamba kwa krimu na jibini, aonje, halafu atangaze. Ni desturi tu, kama bwana harusi kuulizwa kama anakubali.

Sasa sikiliza. Dereva wa lori la barafu atakuletea kisanduku. Ndani kuna kamba nusu kilo, kipande cha jibini, kopo la krimu na pakiti ya tambi. Huo ni upendo, usinitumie kitu. Nataka upike hapo kwako, kwenye sufuria zako, kisha uniandikie kila kitu. Mwenye hoteli anataka chakula chenye sura ya nyumbani, nami nyumba niliyonayo ni yako.

Kamba wamenye, toa ule uzi mweusi mgongoni, wakaushe kwa kitambaa. Wapake chumvi kijiko kidogo, pilipili manga, pilipili nyekundu isiyowasha, kitunguu saumu kilichopondwa. Tambi zichemshe kwenye maji yenye chumvi ya kutosha. Siagi ikiyeyuka na povu lake likinyamaza, tupia kamba. Mkia ukijikunja nusu duara, ameiva. Ukifunga duara kamili, umepika raba. Watoe. Mimina krimu, moto mdogo, chumvi kidogo tena. Ikianza kushika mwiko, epua ndipo utie jibini lililokunwa, ngumi moja moja. Tambi ziingie, kamba warudi, koroga, pakua.

Mama mkwe wako aonje. Yule mama hakusifu chakula hata siku ya harusi yako, kwa hiyo ndiye hakimu ninayemtaka.

Simu sipigi. Kwa simu unanikata kauli.

Wako,
Kijiko, Mpishi Mkuu

—

7 Juni

Kijiko,

Marahaba. Hongera ya jiko. Vigelegele nilikwishapiga kabla sijafika kwenye "sijaoa", jirani akaja kuuliza bibi harusi ni wa wapi, nikamwambia ni wa chuma.

Nimepika. Nimefuata barua yako neno kwa neno, nimeibandika ukutani kwa unga uliolowa, na sasa ina doa la siagi kwenye sehemu ya mabalozi. Kwa macho kilikuwa chakula cha kupigwa picha. Tambi zinang'aa, kamba wamejikunja nusu duara kama ulivyosema, krimu imekaa. Shemeji yako aliacha friji ya mteja imefunguliwa uani akaja mezani na bisibisi mkononi.

Mama mkwe alichukua uma mmoja. Akatafuna. Akaweka uma chini, akafuta mdomo, akasema: "Mwanangu, hawa kamba wamekuja na bahari yao?"

Chumvi, mdogo wangu! Chumvi ya kumwamsha maiti. Shemeji yako alikunywa jagi la maji na bado akanitetea, akasema "si mbaya, ukifumba macho". Mama mkwe akamjibu, "Ulimi haufumbwi."

Nilikaa nikatafakari kosa liko wapi. Maji ya tambi yana chumvi, kamba wana chumvi, krimu umeniambia chumvi tena. Halafu baadaye nikamega kile kipande cha jibini kilichobaki, kikavu, nikakitia mdomoni. Kijiko, jibini hilo lenyewe ni chumvi iliyoganda! Hukulijua? Wewe ndiye uliyelikata.

Labda ulikuwa na haraka. Wakubwa wana haraka.

Mama mkwe anakusalimu. Anauliza mabalozi wale wanaendeleaje na presha.

Dada yako

—

11 Juni

Dada yangu,

Shikamoo tena, na pole kwa shemeji. Nimecheka mpaka mwosha vyombo wetu, tunamwita Mama Sabuni, akaja kuangalia kama nimeungua.

Unajua, huo ulikuwa mtihani. Nilitaka kuona kama una ulimi, na naona ukoo wetu hatujambo. Fundi mzuri haachi kupima ukuta ulionyooka.

Lakini hebu niandikie vizuri, kwa faida yako mwenyewe ya kujifunza. Lile jibini, chumvi yake ni ya kiasi gani? Kama ya samaki mkavu? Kama ya siagi? Linaacha uchungu mwishoni au linaisha kimya? Limetoka kampuni nyingine siku hizi, si lile la zamani, na nataka kujua wewe unalionaje. Mimi bila shaka nalijua. Jana tu nilionja supu ya mwenzangu, tone moja, nikamwambia majani uliyotia ni ya juzi. Akapiga goti.

Kuna sahani mbili tatu zilirudi jikoni wiki hii. Kosa la wahudumu, wanazunguka nazo mpaka zinapoa. Tambi zikipoa hata malaika hazili.

Dereva anakuletea kisanduku cha pili. Nimewapanga kamba mwenyewe kwa mkono wangu, barafu chini, barafu juu. Safari hii chumvi tia kwenye maji ya tambi peke yake. Kamba wape pilipili na kitunguu saumu na nusu ndimu. Na jibini punguza, ngumi mbili tu. Usitupe maji yote ya tambi. Kikombe kimoja kiweke kando, na krimu ikiwa nzito ilegeze kwa hayo.

Nitakupa siri ambayo sijampa mtu. Pika kwa sikio. Siagi ikipiga kelele kama mvua juu ya bati, bado. Ikishuka ikawa kama watu wanaonong'ona msibani, sasa ndipo. Kitunguu saumu kina mlio mkavu, tik tik, ukiusikia ukikatika umechelewa. Krimu ichote kwa mwiko, pitisha kidole mgongoni mwa mwiko: mstari ukibaki, imeiva. Kamba mbonyeze, akiwa kama nyama ya kidole gumba ukikunja ngumi, mtoe.

Niandikie haraka. Jumamosi ile inakuja na mimi napenda kuwa tayari kupita kiasi, ndiyo tabia ya wakubwa.

Kijiko

—

17 Juni

Mdogo wangu,

Kwanza majibu yako. Jibini lile lina chumvi kama machozi, halafu nyuma kuna kitu kama karanga zilizoungua kidogo, kisha linaisha kimya. Umefurahi?

Pili, tumekula. Sikuongeza punje ya chumvi nje ya yale maji. Nilisimama jikoni kama mwehu nimeinamia kikaango, nasikiliza siagi, shemeji yako anauliza "inasemaje?" Namwambia nyamaza, inanong'ona. Ikanong'ona, nikatupia kamba. Mstari mgongoni mwa mwiko ulibaki kama ulivyosema. Nilichota yale maji ya tambi nikalegeza krimu mara mbili.

Mama mkwe alikula akamaliza. Akasogeza sahani mbele, akasema, "Hebu nione kama ya kwanza nilikosea," akala ya pili. Kisha akachukua kipande cha mkate akasafisha sahani mpaka maua yake yakaonekana. Mimi nimeolewa nyumba hii miaka, sikujua zile sahani zina maua.

Kwa hiyo unajua kupika, hilo silibishi.

Lakini nimezisoma barua zako mbili upya, ya ukutani na ya mezani, kama mwalimu. Umeniambia nitazame, nisikilize, nibonyeze, nipitishe kidole. Hakuna mahali umeandika "onja". Hata mara moja! Wewe, uliyechapwa na mama kwa kuzamisha kijiko kwenye kila sufuria kabla haijachemka, mpaka watu wakasahau jina lako? Kijiko anaandika mapishi mawili na neno "onja" halimo?

Nakumbuka mwaka jana uliandika ulilala na homa, pua imeziba, ukasema imepita. Ilipita yote?

Sitaki kukusumbua kabla ya Jumamosi yako. Nimekuwekea kitu cha kukutuliza. Barua hii nimeipaka yale manukato ya mama, ya chupa ya bluu, nilikuwa nimeficha tone chini kabisa. Iweke puani kabla hujaikunja. Uniambie kama unayakumbuka.

Dada yako

—

20 Juni

Dada yangu mpenzi,

Nimeinusa. Nimeinusa mpaka machozi. Ni mama mtupu! Ni kama ameingia mlangoni ametoka harusini, na kanga yake, na lile begi lake lisilofunga. Nimeiweka chini ya mto. Hakuna mtu mwingine duniani mwenye pua ya kuhifadhi mambo kama mimi na wewe.

Kuhusu neno "onja", dada, mvuvi humwambii alowe. Kuonja kunajulikana. Ulitaka nikuandikie pia "pumua"?

Homa ilipita. Mimi ni mzima kama jiwe la kusagia. Mwambie mama mkwe nimesikia habari ya maua na nimeinama.

Jumamosi napika kama ulivyopika wewe, yaani kama nilivyokufundisha. Maji tu ndiyo yenye chumvi, jibini ngumi mbili kwa kila nusu kilo ya kamba. Mwenye hoteli analeta wageni meza nzima, na wajukuu wake. Wanasema wadogo wanapenda kamba kuliko wakubwa. Nitawashibisha.

Kijiko, Mpishi Mkuu (zimebaki siku chache)

—

24 Juni

Kijiko,

Yalikuwa mafuta ya taa.

Nilichovya kitambaa kwenye taa ya akiba nikafuta karatasi mbele na nyuma. Dereva wa barafu hakutaka kuipakia mbele. Aliifunga kwenye mfuko akaining'iniza nje ya kioo, akaniuliza kama naandikiana na mchoma nyumba. Shemeji yako alisema haitafika, italipuka njiani. Na wewe umeiweka chini ya mto! Usiwashe kiberiti chumbani.

Manukato ya mama yaliisha siku nyingi. Samahani kwa hilo. Lile begi lisilofunga nililikumbuka na mimi, nikalia kidogo, halafu nikakasirika.

Sasa soma hapa bila kucheka. Kisanduku cha pili, ulichopanga kwa mkono wako: kamba wa juu walikuwa wazuri. Wa chini, barafu ilikuwa imeyeyuka wakalala kwenye maji. Nilipofungua tu, mama mkwe akiwa chumba cha pili aliuliza nani amekufa. Nilitupa karibu nusu. Nilipika waliosalia, sikukuandikia, nilijua utaona aibu. Nilidhani ni joto la njiani. Nikamuuliza dereva kwa siri. Akasema harufu ilikuwepo tangu anakipokea kwenye mlango wa jiko lako, akadhani ndivyo kamba wanavyonukia kwa wakubwa.

Uliwashika kwa mkono, mdogo wangu. Uliinama juu yao. Hukusikia kitu.

Chumvi si kitu. Chumvi mtu anakunywa maji. Lakini Jumamosi kuna meza nzima na watoto, na wewe ndiye utakayesema hawa wazuri, hawa wabaya, na watu watakuamini kwa sababu wameambiwa una ulimi wa kuwekewa bima. Mtoto akilala hospitali kwa sahani yako, utamwambia mama yake nini? Kwamba siagi ilinong'ona vizuri?

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe unataka kiwaumbue wengine.

Sikwambii uache kupika. Mimi nimekula mkono wako kupitia karatasi na ulikuwa mtamu. Nakwambia utafute pua. Omba mtu. Wewe umeombwa kila kitu maisha yako yote ukatoa, mpaka viatu ulivyovaa ulimpa yule ombaomba wa lango la shule. Safari hii omba wewe.

Nijibu. Na kama hutaki kujibu, angalau usiwape wale watoto.

Dada yako anayekupenda hata ukinuka mafuta ya taa

—

30 Juni

Dada,

Shikamoo.

Barua yako nimeipata siku moja kabla. Niliisoma uani, kwenye kreti za soda. Niliitoa ile nyingine chini ya mto nikaiweka mbali na jiko. Sikulala vizuri, lakini si kwa ajili ya mafuta.

Jumamosi kamba waliletwa ndoo mbili. Nilisimama juu yao. Macho yao meusi, maganda yanang'aa, nikawabonyeza, wote sawa. Nikainama kabisa, pua ikagusa barafu. Nilisikia baridi. Basi. Ndoo hii baridi, ndoo ile baridi.

Mama Sabuni alikuwa anasugua sufuria. Nikamwita. "Mama, hebu ninusie hizi ndoo."

Akanitazama na povu limemfika viwikoni. "Wewe? Mpishi wa ulimi ndiye unaomba pua ya mwosha masufuria?"

"Nusa, mama. Usicheke."

Hakucheka. Akanusa ya kwanza, akatikisa kichwa ndiyo. Akanusa ya pili, akarudi nyuma akajifunika na upande wa aproni. "Hii," akasema, "hii ipeleke nje kabla paka hawajapanga foleni." Kisha akauliza polepole, "Tangu lini, baba?" Nikamwambia tangu ile homa. Ni mtu wa kwanza niliyemwambia. Wewe ulijua kabla sijakwambia, kwa hiyo wewe ni wa pili; usinune.

Ndoo ya kwanza ilitosha meza. Nilipika kwa masikio kama kawaida, na Mama Sabuni amesimama pembeni na kijiko. "Bado... bado... tia maji kidogo... acha!" Alionja krimu akafumba macho. Nikamwonea wivu, dada, sikufichi.

Sahani zikatoka. Wale wajukuu walimaliza kwanza, mmoja akalamba uma mpaka akakemewa. Mwenye hoteli alivaa miwani yake machoni, mara ya kwanza namwona nayo hapo, akaja mpaka jikoni. Akasema: "Chumvi leo imekaa mahali pake. Wiki iliyopita sahani zilikuwa zinarudi. Umefanya nini?"

Nilikuwa na jibu tayari, zuri, refu, lenye mabalozi ndani. Lilikuwa kwenye ncha ya huu ulimi. Nikamwonyesha Mama Sabuni. Nikasema, "Ameonja yeye. Mimi siwezi." Nikamwambia yote, na ile ndoo ya pili nikampeleka nje akaiona. Niliongea nimesimama nimeshika mwiko kama mtoto aliyeitwa ofisini.

Akasema wajukuu wake walikuwa mezani pale. Akarudia mara mbili. Mara ya pili alivua miwani.

Ukuu wa jiko amepewa mwenzangu, yule niliyekwambia alipiga goti. Hakupiga goti. Aliniambia niache kuchungulia sufuria yake. Mimi nimeachwa kwenye tambi na mikaango, na hakuna sahani ya samaki wala kamba inayotoka mkononi mwangu bila Mama Sabuni kuinusa na kuionja. Ameongezewa mshahara. Ananiita Sikio. Amesema mtu asiye na ulimi hawezi kuitwa Kijiko, nami nimeanza kuitika.

Daktari nimekwenda, usianze. Anasema huenda ikarudi, huenda isirudi, ninuse ndimu na karafuu kila asubuhi. Nanusa. Ni kama kubisha hodi nyumba iliyohamwa.

Mwaka mzima nilipika kwa kumbukumbu na hakuna aliyejua. Mkono ulikuwa unakumbuka chumvi. Halafu wakabadilisha jibini, na mkono ukawa haujui. Ndiyo maana nilikutumia kisanduku. Sikukufundisha kitu. Nilikuwa naazima mdomo wako, wa shemeji na wa mama mkwe, bila kuwaomba.

Usiku ule baada ya wageni kuondoka nilijipakulia sahani. Nilikula yote. Ilikuwa ya moto, halafu laini, halafu ikaisha. Nilichukua barua yako ya tarehe kumi na saba, pale uliposema chumvi kama machozi na karanga zilizoungua, nikaisoma huku natafuna. Hivyo ndivyo nilivyoila.

Nisalimie shemeji. Mwambie mama mkwe asante kwa ule uma wa kwanza, aliouweka chini.

Na ile barua yangu ya kwanza, uliyoibandika ukutani kwa unga, ibandue. Jiko sikuwa nimepewa. Mwenye hoteli hakusema neno lolote kuhusu bima. Na ulimi sikuwa nao hata siku ile nilipokuwa nakuandikia. Nilikudanganya.

Mdogo wako